Dawa ya Kunenepesha na Askari wa Mwili



Juma hili twapenda kuwaonya juu ya vidonge vidogo vinavyouzwa sokoni bila karatasi ya daktari. Jina lake ni deksametazoni. Wanaovinunua hasa ni mabinti watakao kunenepa upesi, maana kwetu mwili uliojaa huhesabiwa kuwa alama ya afya. Tuangalie basi vidonge hivyo vyafanya kazi gani ndani ya mwili.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Tezi hizo mbili hutengeneza homoni iitwayo kortizoli na kuitia katika damu, nyingi asubuhi, chache usiku. Mojawapo ya kazi zake ni kuwatuliza askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, wasipigane kupita kiasi. Askari wasio na mkubwa wa kuwazuia huweza kuteketeza kijiji kile kile walichotumwa kukilinda.

Homoni hiyo ikikosekana, ni hatari. Mwaka 1855 Thomas Addison, daktari wa Uingereza, alieleza habari za wagonjwa ambao tezi hizo zimeharibika: hukonda, huishiwa nguvu, na ngozi yao huzidi weusi. Ikizidi, ni hatari vilevile. Mwaka 1932 Harvey Cushing wa Marekani aliandika juu ya wagonjwa wenye uso wa mviringo na tumbo nene, lakini mikono na miguu yao ni myembamba. Watu wenye kortizoli nyingi mno hushikwa na maradhi ya kuambukiza kwa urahisi, kwa kuwa askari wao wamelazwa usingizi.

Hata hivyo dawa za jamii hiyo zimewafaa watu wengi. Mwaka 1948, mjini Rochester huko Marekani, Philip Hench na Edward Kendall walimtibu kwa kortizoni mgonjwa wa baridi yabisi, naye baada ya siku chache akaweza kutembea vizuri. Mwaka 1950 walipewa tuzo ya Nobel pamoja na Tadeus Reichstein. Deksametazoni ni ndugu ya kortizoni, lakini yaipita sana kwa nguvu. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ilijaribiwa Uingereza. Kwa wagonjwa waliopumua kwa mashine, vifo vilipungua kutoka 41 hadi 29 katika kila 100. Lakini wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Ndiyo kusema, dawa hii yamfaa yule ambaye askari wake wamezidisha vita, si mtu mzima wa afya.

Binti aimezaye ili anenepe huwalaza askari wake huku adui wangali mlangoni. Kifua kikuu kilichojificha kifuani chaweza kuamka. Kuna pia minyoo midogo sana, strongiloidi, iingiayo kwa ngozi ya miguu mitupu na kukaa tumboni miaka mingi bila kelele. Askari wakilala, minyoo hiyo huongezeka, huenea hata mapafuni, na huweza kuua. Na unene wenyewe si nyama ya nguvu, bali ni mafuta na maji. Tena mafuta mengine ya kung'arisha ngozi yana klobetazoli, dawa ya ukoo huo huo, ambayo hupenya ngozi na kufika katika damu.

Lakini sikilizeni vema: aliyekwisha kuzoea vidonge hivyo asiviache kwa ghafula. Tezi zilizoona homoni yaja kutoka nje huacha kazi yake, wala haziamki kwa siku moja. Aachaye mara moja aweza kutapika, kuzimia, hata kufa. Aende kwa daktari, aseme kweli yote bila haya, apunguziwe kidogo kidogo. Na yule aliyeandikiwa dawa hizi hospitalini kwa sababu ya pumu au ugonjwa mwingine, asizitupe kwa kusoma maneno haya, bali afuate kipimo alichopewa.

Enyi akina mama, zungumzeni na mabinti zenu kabla jirani hajawaonyesha kidonge. Mnono si lazima awe mzima, wala mwembamba si lazima awe mgonjwa.