Msimzomee mwimbaji, leteni waya

Wanachuo wenzangu, tuambiane ukweli. Kwenye shoo zetu biti ikikatika katikati ya ubeti, anayezomewa ni mwimbaji. Fundi mitambo hazomewi, wala kile kishikwambi kilichowekwa juu ya kiti nyuma ya pazia, kikirusha muziki kwenye spika kwa Bluetooth. Muhula uliopita dada mmoja wa mwaka wa kwanza alizomewa hivyo mpaka akashuka. Sauti anayo, mazoezi alifanya, lakini tangu siku ile hajapanda jukwaani tena. Hiyo si haki hata kidogo.

Tuelewe kwanza kinachotokea. Bluetooth inatumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, masafa ambayo Wi-Fi nyingi nazo zinayatumia. Mchana ukumbi ukiwa mtupu mnajaribu mitambo, kila kitu kinakwenda bomba. Usiku watu wanajaa, kila mmoja na simu yake. Halafu mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hunyonya mawimbi hayo. Yaani umati wenyewe unageuka ukuta kati ya kishikwambi na spika. Ndiyo maana jaribio la mchana haliwezi kukuhakikishia usiku.

Wapo wanaolaumu ucheleweshaji. Ni kweli Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kwa sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Lakini kama muziki wote unatoka spika zilezile, mwimbaji anazifuata na wala haoni shida. Shida huja pale spika moja inapounganishwa kwa waya na nyingine kwa Bluetooth, muziki ukaanza kujijibu kama mwangwi. Au maiki nayo ipitishwe njia hiyohiyo, mwimbaji asikie sauti yake ikimkimbiza kwa nyuma. Hapo hata fundi wa kuimba atapotea.

Bendi ina huruma. Gitaa likizima, ngoma na besi vinaendelea, na mwimbaji akichelewa kuingia wapigaji wanamzungushia wimbo mpaka aingie. Kishikwambi hakimsubiri mtu. Kikikatika kinaondoka na bendi nzima, anabaki binadamu mmoja na maiki mbele ya kelele. Sisemi tuache biti. Wanachuo wangapi wana hela ya kukodi bendi? Nasema, kama tumemkabidhi mtu kwa mashine, basi mashine hiyo tuifunge vizuri.

Najua mtaniambia waya zinakwaza watu, na vishikwambi vingine havina tundu la hedifoni. Sawa. Adapta zipo madukani, na waya wa kwenda kwenye miksa haufiki bei ya fulana za kamati. Kishikwambi kikae pembeni ya miksa, si nyuma ya pazia, na mtu wa kukibonyeza akae hapohapo. Waya utakuwa mfupi na hautapita miguuni mwa mtu.

Kwa hiyo naiomba wizara inayosimamia burudani katika serikali yetu ya wanafunzi ifanye mambo machache kabla ya shoo ijayo. Inunue waya na adapta viwe mali ya chuo. Nyimbo zote zipakuliwe mapema, zisichezwe moja kwa moja kutoka intaneti. Kishikwambi kiwekwe hali ya ndege, maana simu au ujumbe ukiingia katikati ya wimbo ukumbi mzima utausikia. Na simu ya pili yenye nyimbo zilezile ikae tayari. Zaidi ya yote, biti ikikatika, MC atangaze kuwa ni mitambo, na mwimbaji aanze upya.

Sisi wa ualimu hili linatuhusu zaidi. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, kwa hiyo huko shuleni tuendako vipo. Siku ya mahafali, mtoto wa darasa la nne atasimama mbele ya wazazi wake kuimba kwa biti itakayotoka mezani kwa mwalimu. Mtu mzima akizomewa huenda akajikaza. Yule mtoto akichekwa kwa kosa la mitambo, anaweza asiimbe tena maisha yake yote. Tujifunze kufunga waya tukiwa bado hapa.