Kabla feza haijatoka, mashini izunguke



Juma hili tunaongea juu ya kitu ambacho wengi wetu tunaachia wanaume: mashini za umeme za useremala. Lakini feza inayozinunua mara nyingi inatoka katika sanduku letu la AVEC, ao kwa mama anayelipia mtoto wake ufundi. Basi tujue tunanunua nini.

Sisi wenyewe tulianguka. Mwaka jana tulitaka wasichana-mama wanane wajifunze kutengeneza viti na meza. Tulinunua msumeno wa umeme wa mviringo, wa bei ndogo, boksi zuri, wati nyingi zimeandikwa kwa herufi kubwa. Siku ya tatu, katikati ya ubao wa mikaratusi, ukatoa moshi. Muuzaji akatuambia: "Mlikata ubao mgumu." Kumbe ulikuwa wa kukata mkate! Ile ilikuwa michango ya miezi mine. Mama mmoja hakutusemesha kwa juma mbili, na alikuwa na haki.

Hizo wati ndizo zilitudanganya. Zinaonyesha umeme ambao mashini inakula, hazionyeshi nguvu inayofika kwenye meno. Jina nalo halitoshi. Hata Bosch ya Ujerumani inatengeneza mashini za rangi ya buluu kwa mafundi wa kila siku, na za kijani kwa kazi ndogo za nyumbani. Kwa hiyo tuulize kwanza: kazi yetu ni ya namna gani? Kutoboa matundu machache kwa juma, mashini ya bei ndogo inaweza kutosha. Kupasua mbao kutwa nzima ni shauri lingine.

Tukifika dukani, fishi ikiwa haijaingia katika umeme, tunashika kile chuma kinachobeba diski na kukitikisa. Kikicheza-cheza, rulema za ndani ni mbovu ao zimefungwa vibaya. Tunaweka rula juu ya bamba la chini. Sisi walimu rula haikosi katika mfuko. Bamba likipindika, hakuna ubao utakaokatwa sawa, hata fundi awe hodari namna gani.

Halafu kile kifuniko cha chini kinachoficha meno. Tukifungue kwa kidole na kukiachilia: kirudi chenyewe, haraka. Kikikwama, tunarudisha mashini hata kama wanatupa bure. Vidole vya wasichana wetu haviuzwi dukani.

Tusome pia kibandiko. Huku kwetu umeme ni volti 220. Mashini za okazyo zilizotoka Marekani nyingi ni za volti 120. Ukizichomeka hapa zinaungua.

Tuulize makaa ya moteri, vile vijiti viwili vyeusi vinavyoisha polepole. Yanapatikana hapa mjini? Yanabadilishwa kwa kufungua vifuniko viwili vya pembeni, ao lazima kupasua mashini nzima? Yasipopatikana, siku yakiisha mashini imekufa, hata kama moteri ni nzima.

Mwisho tuombe iwashwe, izunguke dakika chache bila kazi, kisha ikate. Cheche ndogo kwenye moteri si kitu. Moto unaozunguka kama pete, harufu ya kuungua, sauti ya kusaga mawe: hapana, asante, papa.

Mara ya pili tulienda na kipande chetu cha mikaratusi, kizito kama mtoto wa miezi sita. Muuzaji alicheka. Msumeno wa kwanza ulikwama, wa pili ulianza kunuka. Wa tatu ulikata mara tano bila kulalamika. Wati zake zilikuwa chache kuliko za ule ulioungua, na bei ilizidi kwa dola 25. Tukaulipa. Wakati tunatoka, mteja mwingine akatuomba tumwachie ule ubao naye ajaribu.

Ubao wenyewe uko kwenye ofisi ya wamama, nyuma ya mlango. Anayekwenda kununua aje auchukue, ila aurudishe.