Safari Salama Kwenye Kona

Wengi wetu hapa Unyambwa hatuendeshi magari, tunapanda tu. Hata hivyo yafaa tujue kwa nini gari hupinduka kwenye kona, maana tunaobebwa humo ni sisi na watoto wetu.

Tuanze na ndoo. Mama mwenye ndoo ya maji kichwani akikata kona ghafula, maji humwagika upande wa nje. Hakuna aliyeyasukuma; yalikuwa yakienda mbele, nayo yangetaka kuendelea hivyo hivyo. Gari nalo ni vivyo hivyo. Linapinda kwa sababu tairi zinaishika barabara. Zikishindwa kushika, gari huendelea mbele na kuiacha barabara.

Mwendo ndio wenye hatari. Ukiongezwa mara mbili, nguvu inayotakiwa kulipindisha gari huongezeka mara nne. Kona ile ile, ukiipita kwa kilomita 80 kwa saa badala ya 40, tairi hudaiwa zishike mara nne. Penye mvua, mchanga au changarawe hushika kidogo zaidi. Tena mzigo ukirundikwa juu, kama magunia ya alizeti kwenye lori, gari huweza kupinduka hata kabla tairi hazijateleza.

Ndiyo maana katika mlima Sekenke, wilayani Iramba, tunaoupita tukienda Igunga na Mwanza, dereva mwenye busara hupunguza mwendo na kuweka gia nzito kabla ya kona. Akikanyaga breki kwa nguvu katikati ya kona, tairi hupewa kazi mbili kwa pamoja, kusimamisha na kupindisha, nazo huweza kuteleza. Kisheria basi lisizidi kilomita 80 kwa saa, lakini huo ni ukomo, si mwendo wa kila kona.

Nasi abiria tuna wajibu. Tufunge mikanda. Tusitegemee mikono yetu kumzuia mtoto gari likipinduka, haitoshi. Kwenye bodaboda tukatae mshikaki.

Zaidi ya yote, tusinyamaze kwa kuona haya. Sisi wauguzi tunaopokea majeruhi twajua gharama ya ukimya huo. Tumwambie dereva kwa upole, mapema kabla ya mlima: "Mwanangu, tunaomba upunguze mwendo, tuna watoto humu." Mama mmoja akianza, wengine wamuunge mkono. Dereva akinuna, na anune. Tutafika.