Ati Upepo Ndio Ulipeleka Risasi? Hebu Tupige Hesabu

Kila maandamano yakiisha kuna ile stori huja: "ilikuwa risasi ya kupotea." Imepotea aje? Nani aliipoteza? Hapo hakuna anayejibu. Na ukikaa maskani pale Mtopanga ama Magongo, lazima atokee msee mmoja anayejua yote, akwambie kusi inapinda risasi, na mvua je, inaimaliza nguvu kabisa.

Sawa. Tupige hesabu basi.

Risasi ya G3, ile bunduki ndefu makarao wetu wameibeba miaka na miaka, hutoka kwa mtutu na kasi ya karibu mita 800 kwa sekunde. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kawaida tu wa kupeperusha leso kwenye kamba, utaisukuma kama sentimita 3 ikifika mita 100. Vuka maji sasa. Kutoka Likoni mpaka ng'ambo ya kisiwani ni kama nusu kilomita, na hapo risasi ishahama karibu sentimita 70. Kwa kilomita moja, unaongelea kama mita 3. Ndio maana mdunguaji wa jeshi husoma nyasi, moshi na bendera kabla aguse kifyatulio. Akikosea upepo, amekosa mtu mzima mzima.

Mvua haina maneno mengi. Matone hayaangushi risasi, na hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Anayesumbuka ni mpigaji: haoni mbali, lenzi imejaa maji, na risasi zikilowa presha ndani ya bunduki hubadilika.

Sasa rudi barabarani. Karao na waandamanaji huwa wametengana mita 20, 30 hivi. Kwa umbali huo kusi inasukuma risasi milimita 2 au 3. Huo ni unene wa shilingi. Yule muuzaji barakoa aliyepigwa Nairobi tarehe 17 Juni 2025 alikuwa karibu kabisa na karao, mchana, kamera zikirekodi. Upepo gani hapo?

Kuna mahali upepo unahusika kweli, na ndiyo part inaniogopesha: risasi ya hewani, ile ya "kutawanya watu". Inakaa juu zaidi ya nusu dakika, upepo ukiibeba, na hakuna mtu anaweza kukwambia itatua kwa ploti ya nani. Iliyopigwa kwa pembe inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Inarudi imepoteza kasi nyingi, lakini ya kutoboa fuvu inabaki. Saba Saba ya 2025, huko Ndumberi, Kiambu, msichana wa miaka 12 alikuwa kwao akitazama TV. Risasi ilipita kwenye paa. Siku hiyo tume ya KNCHR ilihesabu angalau watu 31 waliokufa nchini.

Fikiria Mshomoroni, mabati yamebanana hadi Bombolulu. Ama Likoni, ambako tangu shambulizi la kanisani la Machi 2014 watu wanajua risasi haisimami ikishampata wa kwanza: ilipita kwa mama ikakwama kichwani mwa mtoto wake mdogo.

Halafu siku mbili baada ya Saba Saba, Rais Ruto akasema wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi ya mguu. Mguu unaokimbia, katikati ya umati, mkono ukitetemeka? Hata wa shabaha kali angekataa hiyo kazi.

Sheria ya polisi ya 2011 inataka kila kifo cha risasi ya polisi kiripotiwe IPOA. Kwa hivyo wakikwambia "ilipotea", uliza maswali mawili tu: nani alichukua bunduki stoo asubuhi hiyo, na alirudisha risasi ngapi jioni?