Kamba wa Bagamoyo Huanzia Uluguru

Mfanyabiashara wa Morogoro akisikia habari za bahari hudhani ni mambo ya watu wa Bagamoyo na Mafia. Yeye anajua kabichi na karoti za Mgeta, ndizi za Matombo na mpunga wa Kilombero. Ukurasa huu unaona kuwa dhana hiyo inamnyima faida.

Tuanze na mto. Ruvu hutoka katika milima ya Uluguru na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Maji hayo hayaendi mikono mitupu. Hubeba udongo na rutuba, nayo rutuba hulisha mimea midogo mno inayoelea baharini, ambayo ni chakula cha kwanza cha viumbe wengi. Kamba hutaga baharini, lakini watoto wao huingia katika midomo ya mito, hukua kwenye mikoko, kisha hurudi baharini. Ndiyo maana kamba wanavuliwa Bagamoyo na Saadani, ambako Ruvu na Wami huishia, na katika delta ya Rufiji, inayopokea maji ya Kilombero. Mteremko ukilimwa bila kinga, udongo huzidi na mwanga haufiki chini ya maji. Mto ukipungua, chumvi hupanda ndani yake. Hayo yote hayamo katika orodha ya bei, ila huamua bei.

Mwishoni mwa 2007 serikali ilisimamisha uvuvi wa kamba kwa meli za trola baada ya mavuno kushuka, na zuio hilo lilidumu kwa miaka kadhaa. Mwekezaji mwenye chumba cha baridi au aliyekopesha nyavu hawezi kungoja tangazo la aina hiyo ndipo ajue kuwa mali inaisha. Anahitaji mtu wa kumpimia bahari mapema.

Mtu huyo yupo, naye ni mwanafunzi wa shahada ya pili au ya tatu katika elimu ya viumbe wa bahari. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Zanzibar tangu 1978. Jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, iliyoundwa 1993, ina makao yake huko huko na hutoa misaada ya utafiti. Nasi Morogoro tunacho Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa 1984, chenye wataalamu wa udongo, misitu na ufugaji wa samaki. Mmoja anapima kilichotoka mlimani, mwingine anapima kilichofika baharini. Wakishirikiana, mfanyabiashara atapata habari kamili.

Wapo watakaosema utafiti ni kazi ya serikali. Watazame mwani. Profesa Keto Mshigeni alikuwa akiutafiti tangu miaka ya 1970, kabla haujaanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadaye aina ya kotoni, yenye bei nzuri kuliko spinosi, ilianza kufa mashambani. Watafiti, akiwamo Dk. Flower Msuya, walihusisha vifo hivyo na joto la maji, wakajaribu kulima kwenye kina kirefu kwa kutumia nyavu za mrija. Mnunuzi aliyefuatilia kazi hiyo alijua ni kwa nini zao lake linapungua, wakati mwenzake alibaki kulaumu wakulima kwa uvivu.

Ni kweli kwamba utafiti wa shahada ya pili huchukua takriban miaka miwili, na hautakuambia bei ya wiki ijayo. Tena elimu isiyoonyesha faida kwa mwananchi haipokelewi: Waluguru walikataa matuta ya lazima mwaka 1955. Kwa hiyo wafanyabiashara waingie tangu mwanzo, na waseme wanachotaka kujua.

Hawahitaji fedha nyingi. Kwanza, watoe daftari zao: tarehe, uzito na ukubwa wa kamba walionunua kwa miaka iliyopita ni takwimu ambazo mwanafunzi hawezi kuzikusanya peke yake. Pili, wampe nafasi katika boti inayokwenda kupakia mali. Tatu, wamwajiri akimaliza, ili ajira yake isitegemee ofisi za serikali pekee.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Mfanyabiashara wa bara hana upwa, lakini mto unaofika huko unapita mlangoni kwake. Anayeweka mtaji wake katika samaki na kamba msimu huu, kwanza aulize ni nani anayepima maji ya Ruvu, na amepata nini.