Mbele ya kuomba frigo ingine, tuangalie ile tuko nayo



Mara hii hatutazungumza juu ya muhogo wala mbegu ya maharagi. Tutazungumza juu ya frigo. Wengine watacheka: agronomu na frigo, wapi na wapi? Na kweli, miaka yote tuliyosoma kwenye enstiti, hakuna siku hata moja walitufundisha namna frigo inafanyaka kazi. Lakini leo chanjo ya kuku zenu inalala ndani ya frigo. Frigo ikikufa, kuku nazo zinakufa. Tumeyaona kwa macho.

Kiangazi kilichopita, koperative moja ya milimani, upande wa Walungu, ilichanja kuku za memba wote juu ya Newcastle, ule ugonjwa unaopindaka kuku shingo. Kazi ilifanywa vizuri: asubuhi na mapema, tone moja kwa jicho. Nyuma ya mwezi moja ugonjwa ulipita pale, na kuku zikaisha, za waliochanja sawa na za wasiochanja. Watu wakamkasirikia mama mwenye kuchanja. Walisema aliuza dawa, akatia maji ndani ya chupa. Tulipofika tulifungua frigo ya koperative. Taa ya ndani ilikuwa inawaka, juu kwenye kongelateri sambaza zilikuwa ngumu kama jiwe, kwa hiyo kila mtu aliamini frigo ni nzima. Tukaweka termometri chini, pale chanjo ilikaa kwa miezi miwili. Ikaonyesha digri 17. Chanjo inatakiwa kukaa kati ya digri 2 na 8. Yule mama hakuiba kitu.

Tuseme wazi, hata kama wakubwa wetu hawatafurahi: kosa la kwanza ni letu sisi tulioleta frigo. Tulileta, tukapiga picha, tukasainisha fishi, tukapanda moto, tukaenda. Hatukuacha termometri, hatukuacha stabilizateri ya kura, hatukufundisha mtu. Kosa la pili ni la koperative. Frigo iliwekwa nyumbani kwa prezida, na hakuna aliyepewa kazi ya kuiangalia. Bia, maziwa, sambaza, chanjo, vyote pamoja, na watoto wanafungua mlango kutwa nzima.

Frigo hizi za milango miwili, kongelateri juu na frigo chini, watu wanazania ni mashine mbili. Hapana. Kompreseri ni moja tu. Kwa zile za nofrosti, baridi yote inatengenezwa juu, nyuma ya ubao wa kongelateri, na upepo mdogo ndio unaishusha chini kwa kupitia matundu. Ukijaza kongelateri mpaka ukaziba matundu, ao barafu ikijaa nyuma ya ule ubao, juu kutaganda vizuri na chini kutakuwa joto. Ndivyo ilivyokuwa pale Walungu: mifuko ya sambaza ilisukumwa mpaka kwenye ukuta. Tuliondoa vyote, tukachomoa priza, tukaacha milango wazi siku nzima na usiku, vitambaa chini vya kunywa maji. Kesho yake tukawasha, na nyuma ya siku moja termometri ikasoma digri 5. Hatukununua hata bulo moja. Shida ikirudi kisha siku kumi hivi, hapo kuna kipande kimekufa, chenye kuyeyusha barafu ao cha kusukuma upepo, na ni wakati wa kuita frigorista.

Kuna jambo lingine la milimani ambalo limekula dolari za watu wengi. Frigo nyingi za milango miwili ziko na termosta moja, nayo inapima joto ya chini. Usiku wa huku ni baridi. Nyumba ikishuka chini ya digri 16, chumba cha chini kinabakia baridi chenyewe, termosta inasema inatosha, kompreseri inalala, na nyama ya juu inaanza kuyeyuka. Watu wanasema gazi imeisha. Frigorista anatoka mjini, anaongeza gazi, analipwa, na kiangazi kijacho ni vilevile. Angalieni kibandiko kilicho ndani ao nyuma ya frigo: herufi N, ST na T maana yake inafanya kazi tangu digri 16, SN tangu digri 10. Frigo ya N musiiweke kwenye depo ya mabati yenye upepo. Iwekeni ndani ya nyumba yenye kulala watu. Wandugu wa Uvira na wa bonde la Ruzizi wao wako na shida ya kinyume: kule joto na vumbi ndivyo vinaua. Wavute frigo mbali na ukuta kadiri ya kiganja, wachomoe priza na kupangusa vumbi la nyuma kila mwezi.

Halafu kura. Kura ikiwa dogo, taa itawaka kidogo, lakini kompreseri haiwezi kuanza. Utasikia inanguruma, kisha “ta!”, kimya, kisha inajaribu tena. Ukisikia hivyo chomoa priza saa ileile, kwa sababu kila mara inapojaribu inajichoma. Na kura ikikatika ikarudi, ngojea dakika tano mbele ya kurudisha priza. Stabilizateri yenye kungojea yenyewe ni bei, tunajua, lakini kompreseri mpya ni bei zaidi.

Kisu ndani ya kongelateri, hapana! Tumeona frigo tatu zilizotobolewa kwa kisu na mtu mwenye haraka ya kutoa barafu. Tundu dogo kama la sindano, gazi yote inatoka. Na wale wanaoingiza sahani ya makaa ili barafu iyeyuke: frigo nyingi za sasa ziko na gazi iliyoandikwa R600a, na gazi hiyo inashika moto. Maji ya moto ndani ya sufuria inatosha, na uvumilivu.

Mpira wa mlango unapimwa kwa karatasi: funga mlango juu ya karatasi, vuta. Ikitoka bila kukaza, osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni mbele ya kusema umeharibika.

Tuko na maoni mawili. La kwanza linaelekea kwetu: frigo isitoke tena katika depo yetu bila termometri, stabilizateri na siku moja ya mafunzo. La pili ni kwenu: koperative inayoomba frigo ya pili ionyeshe kwanza kaye ya ile ya kwanza, digri za asubuhi na za jioni, miezi mitatu, mkono wa mtu moja mwenye jina, na mtu huyo apewe kitu kidogo kutoka michango. Chanjo ikae kwenye etajeri ya katikati, kamwe si kwenye mlango, na chupa za maji zijaze nafasi tupu ili baridi idumu kura ikikatika. Kwenye kongelateri wekeni kopo la barafu na kijiwe juu yake. Siku mukikuta kijiwe kimezama chini, barafu iliyeyuka mukiwa mumelala.

Wengine watatuambia: vita iko, barabara zimekufa, na ninyi munatuletea habari ya kijiwe na karatasi. Tunawasikia. Lakini vita si ndiyo ilipandisha digri 17 ndani ya ile frigo.

Yule mama tulienda kumuona. Ameacha kuchanja, analima tu. Tulieleza komite mbele ya memba wote namna mambo yalivyokuwa, na komite ikaahidi kwenda kwake kumuomba msamaha. Mpaka tunaandika haya, haijaenda.