Kinga ya Mwili si Wingi wa Askari

Katika vitabu vingi vinavyotumika katika shule za sekondari, kinga ya mwili huelezwa kwa mfano wa jeshi. Chembe nyeupe za damu hufananishwa na askari, viini vya maradhi hufananishwa na adui, na mwili wenyewe huwa ndio nchi inayolindwa. Mfano huu una faida yake, kwani humsaidia mwanafunzi kuelewa upesi jambo asiloweza kuliona kwa macho. Hata hivyo, umezaa dhana moja yenye madhara, nayo ni kwamba askari wakizidi nchi huwa salama zaidi, na kwa hiyo kinga ikiongezwa, afya nayo huongezeka.

Dhana hiyo haikubaki darasani. Imefika madukani na sokoni, ambako vidonge, unga na vinywaji vya kila namna huuzwa kwa maelezo ya kuwa “huongeza kinga ya mwili.” Mnunuzi haambiwi ni kinga ipi inayoongezwa, kwa kiasi gani, wala dhidi ya maradhi gani. Mtu mwenye afya njema akinunua vitu hivyo, huenda akapoteza fedha tu. Lakini mgonjwa anayeacha dawa alizoandikiwa hospitalini ili ategemee “kuongeza kinga” huweza kupoteza uhai.

Ni wajibu wa somo la baiolojia kuisahihisha dhana hii, na kazi hiyo haiwezi kutimizwa kwa makatazo matupu. Yahitajika mfano ulio wazi, unaoonyesha kwamba kinga si kitu kimoja kinachoweza kujazwa kama maji katika mtungi, bali ni utaratibu wa chembe nyingi zinazopashana habari, kusaidiana na kuzuiana. Mfano huo upo. Ni kipokezi cha protini iitwayo intaleukini-2.

Habari na mpokeaji wake

Chembe za mwili hazina mdomo wala masikio, lakini hupashana habari. Njia mojawapo ni kutoa protini ndogo ziitwazo sitokini. Chembe moja huitoa sitokini katika majimaji yanayoizunguka, na chembe nyingine huipokea. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini huwafaa wale tu wanaoisikia. Kwa chembe, kusikia ni kuwa na kipokezi, yaani protini iliyopenya utando wa chembe, upande wake mmoja ukielekea nje na upande wa pili ukielekea ndani. Chembe isiyo na kipokezi cha sitokini fulani haipati habari ya sitokini hiyo, hata ikizungukwa nayo pande zote.

Intaleukini-2 iligunduliwa nchini Marekani mwaka 1976, pale watafiti walipoona kwamba majimaji yaliyotokana na chembe nyeupe za damu yaliwezesha limfosaiti T za binadamu kuishi na kuzaana kwa muda mrefu katika maabara. Mwaka 1983 Tadatsugu Taniguchi na wenzake, nchini Japani, walifaulu kuipata jeni yake na kuisoma. Ni protini ndogo yenye asidi amino 133 tu, na hutolewa hasa na limfosaiti T zilizokwisha kuamshwa.

Muundo wa kipokezi

Kipokezi kamili cha intaleukini-2 kina minyororo mitatu ya protini, nayo huitwa alfa, beta na gama. Minyororo hiyo haikugunduliwa kwa pamoja. Alfa ilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, jeni ya beta ilipatikana mwaka 1989, na jeni ya gama mwaka 1992. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitumia miali ya eksirei kuchunguza fuwele za protini hizo, wakaonyesha jinsi intaleukini-2 inavyoshikwa na minyororo yote mitatu kwa wakati mmoja.

Kila mnyororo una kazi yake. Alfa huikamata intaleukini-2 na kuiweka karibu na utando, lakini sehemu yake iliyo ndani ya chembe ni fupi mno, asidi amino 13 tu, na haiwezi kupeleka habari yoyote. Beta na gama ndizo zenye mikia mirefu inayoingia ndani, na kila mkia una kimeng'enya kilichojishikiza kwake: JAK1 kwenye beta, na JAK3 kwenye gama. Intaleukini-2 inapoziunganisha beta na gama, vimeng'enya hivyo viwili hukaribiana, vikaamshana, kisha vikaanza kubandika fosfati kwenye mkia wa kipokezi. Hapo huja protini nyingine, iitwayo STAT5, ikajishikiza na kubandikwa fosfati nayo. Protini za STAT5 huungana mbili mbili, zikaingia katika kiini cha chembe, na huko huziamsha jeni zinazoifanya chembe ikue na kugawanyika.

Jambo la kuzingatia zaidi ni nguvu ya kipokezi kuishika sitokini. Alfa ikiwa peke yake huishika kwa ulegevu. Beta na gama zikiwa pamoja huishika kwa nguvu ya kadiri. Zikikutana zote tatu, nguvu hiyo huwa kiasi cha mara 100 ya ile ya beta na gama. Kwa hiyo, intaleukini-2 inapokuwa haba, chembe zenye minyororo yote mitatu huipata kwanza, na nyingine hukosa.

Limfosaiti T ambayo bado haijaamshwa kwa kawaida haina alfa. Ikikutana na kiini cha maradhi inachokitambua, huunda alfa kwa muda, ikapata kipokezi kamili na kuzaana upesi. Lakini liko kundi jingine la limfosaiti T ambalo huwa na alfa nyingi daima. Hizi ndizo limfosaiti za udhibiti, ambazo kazi yake ni kuzizuia nyingine zisiushambulie mwili wenyewe. Shimon Sakaguchi na wenzake, nchini Japani, walizitambua mwaka 1995 kwa kuitumia alfa hiyo hiyo kuwa alama. Mwaka 2025 Sakaguchi alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya tiba pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani, kwa uvumbuzi wao juu ya jinsi kinga inavyozuiwa isiudhuru mwili.

Ni dhahiri basi kwamba habari ni moja, ila matokeo yake ni mawili yanayopingana. Limfosaiti ya mashambulizi ikiipokea intaleukini-2 huzaana ili ipigane. Limfosaiti ya udhibiti ikiipokea huzaana ili itulize vita. Mtu akiuliza kama intaleukini-2 “huongeza kinga,” hawezi kupewa jibu la ndiyo wala la hapana mpaka ijulikane ni nani aliyeipokea.

Upungufu wa aina mbili

Ukweli huu ulionekana kwa huzuni katika maisha ya David Vetter, mtoto wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1971 katika jimbo la Texas. Alizaliwa bila kinga ya kufaa, akalazimika kuishi ndani ya chumba cha plastiki kisichoingia vijidudu. Mwaka 1983 alipandikizwa uboho wa dada yake, lakini uboho huo ulikuwa na virusi vilivyojificha, ambavyo vilimletea saratani. Alifariki mwezi Februari 1984 akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1993 watafiti walibaini kwamba ugonjwa wa aina yake hutokana na kasoro katika jeni ya mnyororo wa gama. Gama hutumiwa pia na vipokezi vya sitokini nyingine tano, zikiwemo zile zinazohitajika ili limfosaiti T zipate kuumbika. Ukikosekana mnyororo huo mmoja, chembe huwa hazisikii habari za namna nyingi kwa pamoja, na kinga nzima huporomoka.

Kwa kuwa hali ilikuwa hivyo, wengi walitazamia kwamba mnyama asiyekuwa na intaleukini-2 angekuwa dhaifu mbele ya kila kijidudu. Mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1993 ilitangazwa kwamba panya wa maabara walioondolewa jeni ya intaleukini-2 waliugua kwa sababu ya kinga iliyokosa kizuizi: wengine walipungukiwa damu vibaya, na wengine wakapata uvimbe mkali wa utumbo mpana. Mwaka 1995 ilionekana kwamba panya wasio na mnyororo wa alfa nao walishambuliwa na kinga yao wenyewe. Limfosaiti za udhibiti zilikuwa zimekosa habari zinazozidumisha. Sitokini iliyodhaniwa kuwa ni mbolea ya mashambulizi ilikuwa pia ndiyo riziki ya amani.

Ushahidi wa hospitali

Tiba nayo imetoa fundisho lile lile. Mwaka 1992 Marekani iliruhusu intaleukini-2 itumike kwa dozi kubwa kutibu saratani ya figo iliyokwisha kuenea. Wagonjwa wachache walipona kabisa, na hilo si jambo dogo. Lakini dozi hizo huifanya mishipa ya damu ivuje majimaji na shinikizo la damu lishuke, hata mgonjwa hana budi kulazwa na kuangaliwa kwa makini. Miaka sita baadaye, mwaka 1998, nchi hiyo hiyo iliruhusu basiliksimabu, kingamwili inayoziba mnyororo wa alfa, ili mwili wa mtu aliyepandikizwa figo usiikatae figo hiyo. Daktari mmoja huipeleka habari, mwingine huizuia, na kila mmoja yuko katika haki kwa mgonjwa wake.

Ushahidi mzito kuliko wote unahusu Virusi vya Ukimwi. Virusi hivyo huziangamiza limfosaiti T za CD4, na kipimo cha hesabu ya CD4 kinafahamika sana katika kliniki za Afrika Mashariki. Ilidhaniwa kwamba intaleukini-2 ikiongezwa juu ya dawa za kudhibiti virusi, CD4 zingeongezeka na wagonjwa wangepata nafuu zaidi. Majaribio mawili makubwa yalifanywa katika nchi mbalimbali, moja likiwa na wagonjwa zaidi ya 4,000 na jingine karibu 1,700. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Hesabu ya CD4 ilipanda kama ilivyotarajiwa. Lakini magonjwa nyemelezi hayakupungua, wala vifo havikupungua, kuliko kwa wale waliotumia dawa za virusi peke yake. Katika jaribio lililo kubwa zaidi, matatizo makali ya kiafya yalikuwa mengi kwa waliochomwa intaleukini-2. Askari waliongezeka, na nchi haikuwa salama zaidi.

Kisichosemwa

Hapana budi kuonya kwamba hoja hii isichukuliwe kuwa inapuuza lishe au chanjo. Mtu mwenye utapiamlo ana kinga iliyodhoofika, na chakula bora humrudishia alichopungukiwa. Lakini kuziba upungufu ni jambo moja, na kupita kiasi kinachohitajika ni jambo jingine. Chanjo nayo haiongezi kinga kwa jumla. Huzifundisha limfosaiti maalumu kutambua kiini maalumu cha maradhi, na ndiyo sababu chanjo ya surua haikingi polio. Hali kadhalika, dawa za Virusi vya Ukimwi huokoa maisha kwa kuvizuia virusi visizaane, na hesabu ya CD4 hupanda kwa kuwa adui amezuiwa. Mwanafunzi akielewa tofauti hizi, hatababaishwa na karatasi iliyobandikwa kwenye chupa.

Wajibu wa mwalimu

Huenda walimu wengine wakasema kwamba mambo ya vipokezi ni mazito kwa vidato vya chini, na kwamba muhtasari wa masomo umejaa tayari. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halitoshi. Si lazima mwanafunzi akariri majina ya JAK na STAT. Yatosha azoee kuuliza maswali matatu kila anapokutana na habari za kinga: ni nani anayetoa habari, ni nani mwenye kipokezi, na habari ikimfika humfanya atende nini? Mwenye kuuliza hivyo amekwisha kuelewa kiini cha jambo, na maswali hayo yatamfaa pia atakaposoma homoni na mishipa ya fahamu.

Wala shule isiyo na maabara haina udhuru. Wanafunzi watatu wakisimama mbele ya darasa waweza kuwa alfa, beta na gama. Alfa adake mpira, lakini asiruhusiwe kusema neno. Beta na gama wakiushika mpira huo kwa pamoja ndipo darasa lipige makofi. Kisha gama aondolewe, mpira urushwe tena, na wanafunzi waulizwe kwa nini kumekuwa kimya ingawa mpira umefika. Somo la namna hii halihitaji fedha, na halisahauliki upesi.

Mfano wa jeshi usifutwe, bali ukamilishwe. Jeshi lisilosikia amri halina faida, na jeshi lisilosikia amri ya kusimama ni hatari kwa raia wake. Kinga iliyo njema ni ile inayosikia vizuri, ikaanza kwa wakati wake na kukoma kwa wakati wake. Kijana atakayetoka shuleni akijua hivyo ataweza kuwauliza wauzaji wa “kinga” swali wasiloweza kulijibu, na jamaa yake aliye mgonjwa atampata mtu wa kumshauri asiache dawa.